Kivuli cha Nguzo

Kiswahili kimelipa neno mwiko kazi tatu: mwiko wa kusongea ugali, mwiko wa mwashi wa kupigia lipu, na mwiko wa kukatazwa. Mwanafunzi wa akiolojia hukutana na miiko yote mitatu siku ya kwanza ya mafunzo ya uwandani. Ugali atakula mchana na usiku hadi auchoke. Mwiko wa mwashi atakabidhiwa, wenye ncha, mdogo kuliko ule wa fundi wa mtaani kwao, na ataambiwa asimwazime mtu. Kisha, kabla jua halijaanza kuchoma, atasomewa makatazo: usikanyage ukingo wa shimo, usiokote kitu kabla hakijapimwa mahali kilipo, usichimbe usichokiona. Hilo la mwisho lilinichukua wiki mbili kulielewa. Mimi nilidhani tunachimba ili tuone.

Nilisoma akiolojia na anthropolojia chuo kikuu, kisha maisha yakanipeleka kwenye magazeti. Sikuwa hodari. Lakini niliwahi kusimama karibu na watu hodari, na upo ufundi mmoja wa kazi ile ambao hunirudia hadi leo, kila nimwonapo mtu akimenya embe bila haraka au akilainisha ukuta kwa ubao: ufundi wa kuiona nguzo ambayo haipo.

Nilifika uwandani nimejaa majina makubwa. Darasani tulikuwa tumekwisha kupita Oldupai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Tulikuwa tumepita Laetoli, ambako nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zimekaa ndani ya majivu ya volkano kwa zaidi ya miaka milioni 3.6. Basi nilitarajia mafuvu. Nikapangiwa kijiji cha pwani, chini ya minazi, kwenye shimo la mita mbili kwa mbili, na siku nzima ya kwanza hatukutoa hata kiganja cha udongo. Tulifunga kamba. Kila fundi ujenzi anaijua hesabu yake: pima tatu upande huu, nne upande ule, na hanamu ikitoka tano, pembe yako imekaa. Tuliipima pembe ile mara sita. Mara ya sita mhadhiri akaja, akaiangalia kwa jicho moja, akang'oa msumari akausogeza kwa upana wa kidole.

Siku ya pili tukaanza kukwangua. Kukwangua, siyo kuchimba; sururu na beleshi vilikaa chini ya mnazi kama wageni waliofika kabla ya mwaliko. Unapiga magoti, unaushika mwiko kwa ubavu wake, unauvuta kuja kwako, na udongo unatoka mwembamba kama ganda la kiazi. Unaujaza kwenye karai, karai inakwenda kwenye chekecheke, na huko wenzako wawili wanachekecha huku vumbi limewapaka nyuso mithili ya wasaga unga. Kila sentimita kumi mnasimama. Mnafagia, mnapima kina, mnapiga picha, mnaandika. Kuna kitabu kidogo cha vipande vya rangi, kiitwacho Munsell, ambacho kazi yake ni kuwazuia watu wasigombane: badala ya mmoja kusema "kahawia" na mwingine "nyeusi nyeusi", mnalinganisha tonge la udongo na kipande cha rangi na kuandika 10YR 3/2. Tuligombana hivyo hivyo. Udongo mbichi una rangi yake na mkavu una yake, na saa sita mchana rangi zote za dunia huwa moja.

Shimoni kwetu alikuwemo mtu tuliyemwita Mzee tu. Alikuwa mwenyeji wa kijiji kile, mkulima wa minazi na mihogo, ambaye watafiti walikuwa wakimwajiri msimu baada ya msimu kwa miaka mingi. Hakuwa na cheti. Mhadhiri wetu, mwenye shahada ya uzamivu, alimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumwuliza maoni yake kabla ya kuandika lolote kwenye daftari. Mwanzoni niliona ni adabu. Baadaye nikajua ilikuwa adabu pamoja na akili.

Siku ya nne Mzee aliushika mkono wangu nikiwa nakwangua.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini, Mzee?"

"Mwiko umebadilisha sauti. Rudi nyuma."

Nilirudi nyuma, nikavuta tena polepole. Kweli. Mwiko uliokuwa ukikoroma kwenye mchanga mgumu ulipita mahali fulani ukanyamaza, kama kisu kinapotoka kwenye ganda na kuingia kwenye nyama ya papai. Nilipoinama niliona kidogo sana: duara la udongo mweusi kidogo, laini kidogo, upana wa sahani ya kikombe cha chai. Nikanyanyua mwiko nichimbe nione kilichomo.

"Mwiko, mwanangu," akasema Mzee, na hadi leo sijui alimaanisha kifaa au katazo.

Hakuna aliyeligusa duara lile siku ile. Mhadhiri alikwangua eneo lote la shimo upya, akarudi kinyumenyume ili asikanyage alikopita, kisha akanyunyiza maji kwa chupa ya kunyunyizia dawa ya mboga. Tukalifunika shimo kwa turubai. Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado linaingia kwa ubavu, turubai liliondolewa na maduara yalikuwa matano. Yalipangana mstari mmoja, isipokuwa la tatu, ambalo lilikuwa na mwenzake ubavuni.

Mzee alichuchumaa ukingoni na kuyatazama kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. "Nyumba hii," alisema, "nguzo ya katikati ilioza. Hawakuing'oa. Waliweka nyingine pembeni, wakakandika upya." Akacheka. "Hata mimi yangu nimefanya hivyo mwaka jana."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichokuwa kikiendelea. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya fito na udongo anajua kwamba shimo la nguzo huchimbwa kwa mtarimbo, likawa jembamba na refu. Anajua kwamba nguzo ikisimamishwa, pembeni hushindiliwa mawe na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Anajua kwamba mchwa huanza chini. Nguzo ikioza, nafasi yake hujazwa na takataka za sakafuni, majivu na udongo mweusi, na kinachobaki ardhini ni kivuli chake cha wima. Sisi tuliofunzwa kwa picha za vitabu tuliona doa. Yeye aliona mtu na mtarimbo.

Na bado doa peke yake si ushahidi. Pwani ina kaa, na kaa ni wachimbaji hodari kuliko wanafunzi wa mwaka wa pili. Kuna mizizi ya minazi iliyooza, kuna panya buku. Njia ya kuwatenganisha ni kulikata duara kati kwa kati: unatoa nusu ya udongo wake kwa kijiko, unaiacha nusu nyingine imesimama, na unalitazama shimo kwa ubavu kama unavyoutazama mkate uliokatwa. Nguzo huenda chini wima na kuishia na kitako. Kaa anapinda kona na kwenda zake. Kati ya maduara yetu matano, moja lilipinda kona. Nilikuwa nimekwisha kulipa namba na kulichora kwa fahari.

Ufundi huu wa madoa umebadilisha historia ya watu wenyewe wanaosoma gazeti hili. Kwa muda mrefu waliochimba pwani ya Afrika Mashariki walifuata mawe. James Kirkman alianza kazi Gede mwaka 1948, na Neville Chittick akaichimba Kilwa, kisha Manda. Walikuwa watu wenye bidii, na kuta za misikiti na majumba walizisoma vizuri, wanatudai shukrani. Lakini anayefuata mawe huanza hadithi pale mawe yanapoanza. Mji wa mawe ukionekana umezuka ghafla, wenye mihrabu na bakuli za Kichina, ni rahisi kusema umeletwa na merikebu. Chittick hata alipovipanga vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji, aliviita vyombo vya jikoni, jina la kitu ambacho mgeni haonyeshwi.

Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, kwenye magofu ya mji ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Alishuka chini ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe alikuta sakafu na kuta za jengo la awali zaidi, na chini ya hapo mawe yakaisha. Mchimbaji wa zamani angeweza kufunga daftari. Horton na wenzake waliendelea kukwangua, na madoa yakaanza kujitokeza: mashimo ya nguzo, safu juu ya safu, jengo la miti juu ya jengo la miti. La chini kabisa lilikuwa chumba kidogo cha kuswalia watu wachache tu, la nusu ya pili ya karne ya 8, na kibla chake hakikulingana na cha misikiti iliyofuata. Hebu fikiria waumini wale wa mwanzo, wamesimama bega kwa bega ndani ya kibanda cha miti, wanaelekea mahali wanapodhani Makka ipo. Kila kizazi kilibomoa na kujenga pale pale, kikapanua kidogo, hadi miti ikageuka matumbawe. Mji wa mawe ulikuwa mtoto wa kijiji cha miti. Ushahidi wake ulikuwa tofauti ya rangi ya udongo ambayo jua la saa sita lingeifuta.

Sisemi kwamba hadithi imefungwa hapo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, na ukaonyesha kwamba wengi walikuwa na akina mama wa Kiafrika na akina baba wenye asili ya Uajemi, damu zilizoanza kuchanganyika karibu na mwaka 1000. Wapo walioupokea kwa shangwe na wapo waliokunja uso. Mimi naona mifupa na madoa yanajibu maswali mawili tofauti, na mtu aliyewahi kuchanganya kaa na nguzo hana haraka ya kuchagua upande.

Mchana tulichimba, jioni tuliosha vigae. Anayedhani akiolojia ni shimo tu hajaosha vigae elfu mbili kwa mswaki. Kila kigae kinasuguliwa pole ili michoro isifutike, kinaanikwa kivulini, kinaandikwa namba kwa kalamu ya ncha nyembamba, kisha kinapangwa mezani na wenzake. Napenda kwamba hata hapa lugha yetu ilikuwa tayari: chungu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo, kina kitako. Kigae cha mdomo ndicho cha thamani zaidi, kwa kuwa kipande chake kidogo, ukikiweka juu ya karatasi yenye miduara, kinakuambia chungu kizima kilikuwa na upana gani.

Na baadhi ya vile vyombo vya jikoni vilikuwa na michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa shingoni, iliyojazwa mistari midogo. Kutoka visiwa vya Lamu hadi Msumbiji, na Komoro, na mbali bara, vigae vya namna hii vinatokea kwenye makazi ya kati ya karne ya 6 na ya 10. Felix Chami, Mtanzania aliyechimba sana maeneo ya karibu na Dar es Salaam na Rufiji, alivifanya kuwa kiini cha tasnifu yake ya mwaka 1994 kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, na akatetea kwa nguvu, nyakati nyingine kwa ukali, kwamba waliofinyanga vyungu vile ndio mizizi ya Waswahili. Wapo wanaobishana naye juu ya mambo mengine. Lakini hakuna tena anayekipita kigae chenye pembetatu bila kuinama.

Ilikuwa ni lazima pia twende kwa wanaofinyanga leo. Hapa ndipo anthropolojia inapoishika akiolojia mkono. Tulimkuta mama mmoja, kijiji cha pili, amekaa na miguu imenyooshwa mbele, anauinua udongo kwa vidole, anaukwangua kwa gamba la kombe, anaulainisha kwa jiwe la mtoni ambalo alirithi kwa mama yake. Chungu kilizunguka kwa kuwa yeye alikizungusha kwa kiganja; hapakuwa na gurudumu. Aliposimama, shingo ilikuwa sawa pande zote kana kwamba imepimwa. Kisha akachukua kijiti akaanza kukwaruza mistari. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amesoma sana nadharia alifungua daftari, akauliza kwa heshima michoro ile ina maana gani katika mila.

"Bila hiyo, mwanangu, hakinunuliwi," akajibu mama, akaendelea.

Mwenzetu aliandika. Nadhani lilikuwa jibu zuri kuliko lolote ambalo angelipata kwenye kitabu, ingawa lilimharibia insha.

Peter Schmidt, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha mafunzo ya akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1980, alijifunza kazi hiyo ya kuwasikiliza wenyeji kwa kukaa na wazee wa Buhaya. Kwenye simulizi zao kulikuwa na mti mkubwa wa Katuruka na wahunzi wa mfalme. Alipochimba karibu na pale walipomwelekeza, akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma ya kale sana. Mwaka 1976 wazee walioacha kuyeyusha chuma kwa miongo mingi walijenga tanuri upya mbele yake, wakibishana juu ya kipi kinatangulia, wakikosea, wakirekebisha, mikono ikikumbuka kile ambacho midomo ilikuwa imesahau.

Wiki ya mwisho ilikuwa ya kuchora, na kama ningelazimika kuchagua kazi moja ya kumwonyesha mtu asiyeijua taaluma hii, ningemwonyesha hiyo. Ukuta wa shimo ukishakwanguliwa ukanyooka, matabaka huonekana kama keki iliyokatwa na mtu asiye na utulivu: mchanga, majivu, sakafu nyembamba ya chokaa, mchanga tena, mahali mtu alipochimba shimo la taka na kukata matabaka ya wazee wake. Unavuta kamba mlalo, unaithibitisha kwa pimamaji, mmoja anashuka na futi, mwingine anakaa juu na karatasi ya miraba. Wa chini anaita: sitini, ishirini na mbili. Wa juu anatia nukta. Sentimita kumi za ukuta zinakuwa sentimita moja ya karatasi. Baada ya saa tatu mna mita moja ya ukuta iliyochorwa na shingo zinazouma.

Kisha linakuja swali la mstari. Tabaka hili linaishia wapi? Wa chini anasema hapa, wa juu anasema sogea, mhadhiri anaitwa, Mzee anaitwa. Na kama bado hakuna uhakika, kanuni ni moja: pale unapoona mpaka, chora mstari mzima; pale unapodhani, chora mstari wa nukta nukta. Nilimwona mhadhiri wetu, mtu mwenye machapisho mengi, akifuta mstari mzima na kuutia nukta mara tatu katika ukuta mmoja, bila kuona haya. Nimefanya kazi ya gazeti miaka mingi sasa na hatuna mstari wa nukta nukta. Tunao mzima tu, na siku mbaya tunauchora kwa wino mwekundu.

Siku ya kuondoka tulilifukia shimo. Lilikuwa limefika mita moja na nusu, sakafu yake safi kuliko bweni letu, na mashimo manne ya nguzo yakiwa tupu kama matundu ya meno. Tulitandika karatasi ya nailoni chini ili atakayechimba baadaye ajue mwisho wetu ulipo. Mzee akatoa sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni, akaiangalia mwaka wake, akaiangusha juu ya nailoni.

Mmoja wetu akamwambia, "Lakini Mzee, mwaka ulioandikwa hapo si mwaka huu. Watakosea."

"Hawatakosea," akasema Mzee, akichukua beleshi, mara ya kwanza kwa wiki nne. "Watajua si kabla ya hapo."